Jina la Kumi na Tisa Ukutani

Kilwa Kivinje,
6 Juni 2023

Mjomba wangu Mzee Nambecha,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute mzima, na kama masikio bado yanakukatalia, basi walau macho yawe salama, maana leo nayategemea hayo. Simu nimeiacha. Mara ya mwisho nilipiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza nani amefariki, na wewe ukanijibu bei ya korosho.

Sisi huku hatujambo. Mama analalamikia goti, lakini juzi nilimkuta juu ya kigoda anafuta utando wa buibui, nikajua goti ni zima kuliko anavyosema. Ismaili yuko darasa la tano. Baba yake bado yuko Songosongo, anakuja mwisho wa mwezi. Nilimuuliza mama nikuandikie nini, akasema, "Mimi sina kaka anayeitwa Nambecha. Nisalimie Iddi." Unamjua dada yako. Tangu uliporithi jina la mzee wetu, ukoo mzima unakuita Nambecha isipokuwa yeye.

Sasa habari yenyewe, na ni njema. Makumbusho yetu hapa Kivinje, ile nyumba ya Mjerumani uliyoiita ghala la popo, imepata chumba cha pili. Bwana Modesti, mkuu wetu, ameamua kiwe chumba cha vita vya Maji Maji. Ukuta mmoja utaandikwa majina ya watu walionyongwa hapa ambao koo zao bado zipo na zinawakumbuka. Tumewapata kumi na tisa, na wa kumi na tisa ni wa kwetu. Nimemwandika kama ulivyotusimulia tangu tukiwa wadogo: Nambecha wa Mingoyo, aliyekataa kulima pamba ya Wajerumani, akaletwa Kivinje kwa miguu, minyororo shingoni, akanyongwa mwaka 1906.

Chumba kinafunguliwa tarehe mosi Desemba. Nakuomba mambo mawili. Utuandikie ukurasa mmoja kwa mkono wako, wewe mwenye jina. Na uje siku hiyo uvute pazia.

Mjomba, nilipomaliza kuandika jina lile nililisoma kwa sauti peke yangu. Miaka kumi na mbili nafuta vumbi la watu wengine.

Barua nampa Fakihi, konda wa basi la Lindi. Na jibu mpe yeye.

Mpwa wako,
Sauda


Mingoyo,
20 Juni 2023

Kwa Sauda,

Marahaba. Fakihi amenifikishia barua ikiwa na doa la mafuta ya samaki, kwa hiyo salamu zako nimezipata na harufu yake.

Mimi mzima. Mikorosho imeanza kutoa maua, nami nazunguka na bomba la salfa mgongoni kama kijana, jioni nalipa kwa kiuno. Upande wa chini kuna ubwiriunga, ule unga mweupe unaokula maua, na usipouwahi mwaka mzima umekwisha. Mwambie Ismaili darasa la tano ndilo la sehemu, na asiyezijua sehemu atapunjwa maisha yake yote. Nilifundisha miaka thelathini na moja, sijaona aliyepona.

Mwambie dada yangu kwamba Iddi amesikia.

Kuhusu ukuta wenu, sina cha kuongeza. Na Desemba mosi ndiyo tunaokota korosho, siwezi kuacha shamba. Majina kumi na nane yanajaza ukuta vizuri tu.

Mjomba wako,
Nambecha


Kilwa Kivinje,
9 Julai 2023

Mjomba wangu,

Shikamoo. Poleni na kazi ya salfa. Mama amekutengenezea mafuta ya nazi ya kuchua kiuno, yamo kwenye chupa ya soda, Fakihi anayo. Usiyapikie.

Mjomba, nimeisoma barua yako mara tatu kutafuta furaha nikaikosa. Nilidhani umechoka tu. Sasa jambo limeharibika, na nakuhitaji kweli.

Kuna mtafiti mmoja aliyepita hapa mwaka jana. Amemtumia Bwana Modesti nakala za karatasi za Wajerumani. Moja ni orodha ya majumbe waliozawadiwa kanzu na kofia kwa utumishi mwema. Mwaka ni 1908. Wa nne kwenye orodha ni Nambecha wa Mingoyo. Na iko picha. Watu sita wamesimama mbele ya boma, na yule wa nne, mjomba, ana masikio yako. Yametoka vile vile kwa nje, na la kushoto liko juu kidogo.

Bwana Modesti aliniita ofisini, akaiweka picha mbele yangu. Si mtu mbaya, ila ana ulimi. Akasema, "Sauda, umewahi kuona mtu aliyenyongwa akavaa kofia baada ya miaka miwili?" Wenzangu wakacheka. Nami nilitaka ardhi inimeze.

Amesema hivi: wachoraji wataandika majina kumi na nane, nafasi ya kumi na tisa ibaki wazi. Kama hadi ufunguzi hajapata maneno ya mwenye jina mwenyewe, kwa mkono wake na sahihi yake, yakieleza jambo hili, nafasi ile itapakwa chokaa. Na ile picha itatundikwa ukuta wa pili, pamoja na waliowatumikia Wajerumani.

Kwa hiyo si suala la kuja kuvuta pazia tena. Ni mzee wetu ama awe amenyongwa, ama awe amevaa kofia. Niambie ukweli ni upi. Wewe ndiye Nambecha, mimi nimuulize nani mwingine?

Sauda


Mingoyo,
30 Julai 2023

Sauda,

Marahaba. Mafuta nimepata, kiuno kinashukuru.

Mwache apake chokaa.

Nambecha


Kilwa Kivinje,
13 Agosti 2023

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo, nanyi Mungu awaweke. Leo sitazunguka.

Maneno matatu! Mtu aliyetukalisha chini kila likizo akatusimulia jinsi mzee alivyopita barabara ya Kivinje hajainamisha kichwa, leo ananiandikia maneno matatu. Nimelia, mjomba. Nimelia kwa hasira, halafu nikaenda kuosha vyombo vya watu wote nyumbani, mama akabaki ananitazama.

Na hapo kwenye vyombo ndipo nilipoelewa.

Nilikumbuka mwaka themanini na nane, mazishi ya mjomba wenu mkubwa. Nilikuwa na miaka saba. Baada ya arobaini wakakukalisha kwenye mkeka, mtani wetu Mzee Yasini akakupaka unga wa mtama kwenye paji la uso, akainama akakunong'oneza sikioni, kisha akatangaza kwamba Nambecha amerudi. Mimi nikapiga kelele, "Mjomba Iddi ana unga!" Shangazi mmoja akanifinya paja mpaka leo naona alama. Akasema, "Iddi hayupo tena. Huyo ni Nambecha."

Mjomba, ni watu wawili! Aliyenyongwa ni Nambecha, na mrithi wake naye akawa Nambecha, kama ulivyo wewe. Mjerumani aliandika jina aliloambiwa, na Bwana Modesti anasoma jina lile lile. Hawajui kwamba kwetu mrithi haongezi tu jina la marehemu nyuma ya lake. Lake linakufa.

Nilimkimbilia Bwana Modesti asubuhi ile ile. Alinisikiliza hadi mwisho bila mzaha, akavua miwani, akasema ni jambo zuri sana kama ni kweli. Lakini bado anataka mkono wako. Anataka uandike kwamba walikuwa wawili, na mrithi yule aliitwa nani kabla ya kurithi. Basi! Mistari minne, mjomba. Mzee wetu anarudi ukutani, na yule mwingine alikuwa mpwa tu aliyeishi zama ngumu.

Nasubiri kwa hamu.

Sauda


Kilwa Kivinje,
24 Septemba 2023

Mjomba wangu,

Shikamoo. Wiki ya sita hii. Fakihi ameapa kwamba barua alikupa mkononi, ukiwa umekaa kwenye gunia, na kwamba ulipomaliza kusoma ulimuuliza kama basi limejaa. Hakuelewa, nami sikuelewa.

Kama unaumwa, niambie nije. Kama nimekukosea adabu, nisamehe, mimi mtoto wako. Lakini wachoraji wameanza. Majina kumi na nane yako tayari, ya rangi nyeusi, yanapendeza. Chini yake ipo nafasi tupu ya upana wa mikono miwili. Kila siku nafagia chumba kile na kila siku natazama pale.

Jana Ismaili alikuja kunichukua, akauliza pale patupu ni pa nani. Nikamwambia pa babu Nambecha. Akasema, "Si ndilo jina nitakalorithi mimi?" Nikamjibu ndiyo. Maana ndivyo mlivyosema wazee alipozaliwa, kwamba baada yako ni yeye.

Mjomba, kuna kitu unakijua. Zamani nilidhani unakataa kwa sababu hujui. Sasa naona unakataa kwa sababu unajua. Sikulazimishi kwa ajili ya makumbusho. Nakuuliza kwa ajili ya mwanangu. Unataka akalishwe kwenye mkeka apewe nini?

Sauda


Mingoyo,
22 Oktoba 2023

Kwa mpwa wangu Sauda,

Marahaba, mwanangu. Siumwi. Korosho zimeanza kudondoka na mwaka huu ni kubwa. Nilimuuliza Fakihi kama basi limejaa kwa sababu nilitaka kupanda nije nikwambie kwa mdomo. Akasema kuna nafasi. Nikabaki kwenye gunia. Sasa unajua mjomba wako ni mtu wa namna gani.

Nitaandika mara moja bila kusoma tena, maana nikisoma tena nitachana.

Umesema kweli, walikuwa wawili. Wa kwanza alikataa pamba, vita vilipozimwa akajificha kwenye dungu, lile banda la juu la kulindia nguruwe, ndani kabisa ya mashamba ya mtama. Alikaa kule miezi. Chakula alipelekewa na mpwa wake, mtoto wa dada yake, kila siku ya tatu, na hakuna mwingine aliyeijua njia. Siku moja mpwa alikwenda na kikapu cha ugali, na askari nyuma yake.

Wako waliosema alipigwa mpaka akaonyesha. Mimi sikuambiwa hivyo. Niliambiwa alikwenda bomani mwenyewe, kwa miguu yake, kwa sababu alitaka kuwa jumbe.

Mzee akaletwa huko kwenu, akanyongwa, maiti haikurudi. Na yule akavaa kofia. Kisha akafanya jambo ambalo naliona baya kuliko lile la kwanza. Aliwaambia wazee wamkalishe kwenye mkeka. Nani angemkatalia jumbe? Wakampaka unga, wakamwita Nambecha. Na tangu siku ile, Sauda, hakuna aliyeweza kumsema. Ukisema Nambecha alimuuza mzee, unasema mzee alijiuza. Ukimlaani Nambecha, unamlaani aliyenyongwa. Alijificha ndani ya mtu aliyemuua, na huko hakuna aliyeweza kumfuata.

Alipokufa, wazee walitaka kuliacha jina life. Watani walikataa. Walisema likifa, la mzee nalo limekufa. Ndipo wakaweka yale maneno ya sikioni. Kila anayekalishwa anaambiwa, na mtani peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kuyasema. Mzee Yasini aliniambia hivi: "Jina hili lina watu wawili. Mmoja alinyongwa, mmoja alimpeleka. Wabebe wote, usimtue hata mmoja." Nilikuwa na miaka arobaini. Watu walishangilia.

Hadithi nilizowasimulia hazikuwa uongo. Niliwasimulia wa kwanza ili nisimfikirie wa pili. Lakini ulipoandika kuhusu ukuta niliogopa. Niliona mtu mwenye elimu atakuja na karatasi zake, atauliza, na yote yatatoka hadharani wakati mimi ndiye ninayeitwa hivyo. Nikaona heri mzee afutwe kuliko mimi nitazamwe. Nimekuwa mpwa wa pili wa kumpeleka mzee yule. Naona haya kuliandika hilo, ila ndilo.

Mwalimu anayemfundisha Ismaili sehemu angeniambia nimefika nusu tu ya hesabu. Modesti anataka jina la mrithi kabla ya kurithi. Silijui. Mjomba wangu hakulijua, na Yasini ameshakufa. Yule mrithi alihakikisha limezikwa. Bila jina lile hata ushahidi wangu ni wa Nambecha aliyemuuza Nambecha, na nani atauelewa?

Ukurasa wenye sahihi nimeambatisha. Mpe, au uchome. Ismaili usimwambie kwanza.

Mjomba wako


Kilwa Kivinje,
19 Novemba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu kwa sababu wiki ya kwanza sikuweza kushika kalamu. Nilikukasirikia, nikakuonea huruma, kisha nikakukasirikia tena. Uliponiambia mwache apake chokaa, ulijua ni nani anayepakwa. Hilo litanichukua muda. Lakini uliandika, na ukatia sahihi, na mimi najua ulikuwa unaandika na nini kifuani.

Sikuuchoma. Lakini sikumpelekea Bwana Modesti pia. Nilikwenda nao jikoni.

Mama alikuwa anakuna nazi. Nikamwambia, "Mama, mjomba ameandika jambo." Akasema nisome. Nikasoma yote, pamoja na dungu na kikapu. Alikuna mpaka kifuu kikawa kitupu, na akaendelea kukuna. Nilipofika pale unaposema jina la mrithi hulijui, akaacha.

Akasema, "Kwani Iddi hajui?"

Nikasema hajui. Hakuna mwanamume wa ukoo anayelijua.

Akasema, "Wanaume waliambiwa kosa, sisi tukaambiwa jina. Nami miaka yote nilidhani yeye amepewa yote mawili."

Mjomba, nakuandikia kama alivyosema. Mama yake yule mrithi, yaani dada wa mzee aliyenyongwa, siku mwanawe alipopakwa unga alisimama mbele ya watu wote na hakupiga kigelegele. Hadi anakufa hakumwita Nambecha. Alimwita jina alilompa mwenyewe alipomzaa, barabarani, sokoni, mbele ya askari. Hata jumbe hawezi kumfunga mama yake. Na aliwaambia binti zake: ndugu zenu wakirithi jina lile, nyinyi waiteni majina waliyozaliwa nayo, asipate mtu mahali pa kujificha. Bibi yenu, wewe na mama, alikuwa mmoja wa binti hao. Alimwambia mama yenu, mama yenu akamwambia mama.

Ndiyo maana hakuacha kukuita Iddi. Mimi nilidhani ni ukaidi, na wewe ulidhani anakutania.

Nikamuuliza, "Basi aliitwa nani?" Akajifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kimoja kimoja. Akasema, "Chipandu."

Halafu akalia. Sijawahi kumwona mama analia kwa sauti hata siku ya mazishi ya baba. Akasema, "Miaka thelathini na tano Iddi amekaa na lile kosa peke yake, na mimi dada yake niko hapa. Kwa nini hatukuulizana?" Nikaketi naye chini pale pale.

Siku ya pili mama alivaa, akaja mwenyewe na goti lake hadi makumbusho. Bwana Modesti akatuletea viti. Akausoma ukurasa wako, akamsikiliza mama, kisha akauliza kwa upole kama tunataka jambo hili liandikwe lote, maana anaweza kuandika kidogo tu, kuficha aibu ya ukoo. Mama akamjibu, "Baba, tumeficha miaka mia moja na zaidi. Andika yote, au usiandike."

Jana mchoraji alimaliza. Nafasi ya kumi na tisa imeandikwa: Nambecha wa Mingoyo, alinyongwa Kivinje, 1906. Kwenye ukuta wa pili, chini ya picha, mtu wa nne: Chipandu, mpwa wa Nambecha. Alimpeleka mjomba wake kwa Wajerumani, akavaa jina lake. Masimulizi ya Iddi na Kidawa, wajukuu wa dada yake.

Mama alisimamia herufi kwa herufi, na alimfutisha mchoraji mara moja.

Tarehe mosi hatukulazimishi. Pazia atavuta mama.

Sauda


Mingoyo,
3 Desemba 2023

Kwa Sauda, na kwa dada yangu Kidawa, umsomee,

Marahaba, na salamu zenu nimepokea. Korosho tumemaliza upande wa juu.

Barua yako niliisoma nje, kwa sauti, maana mimi mwenyewe sijisikii nisipopiga kelele. Jirani akatoka kuuliza ninagombana na nani. Nikamwambia na Chipandu. Akasema hamjui. Nikamwambia hata mimi nimemjua leo.

Ijumaa, siku mliyovuta pazia, sikuja. Niliita watu nyumbani tukasoma khitma. Unajua maalimu anavyotaka majina ya marehemu kwenye karatasi kabla ya dua. Miaka yote nilikuwa naandika Nambecha, na akifika hapo sijui ninamwombea nani. Nikimwombea aliyenyongwa, naona yule mwingine anapenya naye. Basi mara nyingi sikuitikia amina.

Juzi niliandika mistari miwili. Nambecha. Chini yake, Chipandu. Maalimu aliposoma la kwanza nikaitikia, nalo lilitoka jepesi. Aliposoma la pili nilikawia. Watu walishaitikia, wakawa wananitazama. Nilimfikiria mama yake, anamwita sokoni kwa jina lile mbele ya askari. Nikaona yule mama hakuwa anamtukana tu. Alikuwa anamtunzia jina lake, asije akakosa la kuombewa. Nikaitikia.

Mtani wetu wa sasa nimemwambia wazi kwamba maneno ya sikioni yamekwisha kazi. Ismaili akikua, akilitaka jina, atapewa la mtu mmoja, mchana, kila mtu akisikia. Asipolitaka, abaki Ismaili.

Dada, kiuno changu kikipona nitakuja kuuona ukuta. Uniandalie chai, na uniite.

Kaka yako,
Iddi